Kaniki na Dawa ya Mara Mbili

Charo na Saidi, ufunguo wa kabati la dawa sasa mnao nyinyi, kwa hiyo haya nawaandikia nyinyi. Nimestaafu. Watu wa Changamwe wananicheka wakilisikia neno hilo, maana mstaafu wanayemjua wao ana mvi na mkongojo, na mimi hata ndevu hazijakubali kuota upande mmoja. Lakini kazi niliianza nikiwa mdogo, nikaifanya kwa wasiwasi wa watu watatu. Daktari wa watu aliponibonyeza tumbo akaniuliza nafanya kazi gani, nilimweleza yote, naye akasema, “Tafuta kazi ambayo ukikosea hafi mtu.” Sasa natengeneza baiskeli. Sijamwambia kwamba zina breki.

Siku yangu ya kwanza ng'ombe walikuwa wakishushwa kutoka kwenye mabehewa, vumbi tupu, kila mtu akipiga kelele. Niliagizwa nimtafute Mzee Hamisi, dresa mkuu, yaani mtibu wanyama, wa banda letu la mifugo hapo Changamwe. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ananoa sindano kwenye kinoo kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakuniangalia.

“Unaogopa wanyama?” aliniuliza.

“Wanyama siwaogopi, mzee. Naogopa kukosea.”

“Basi kaa. Wale wasioogopa nimeshawazikia punda wengi.”

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano. Kusoma nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa makopo na karatasi za kufungia bidhaa dukani. Namba nilizipenda kuliko herufi, kwa kuwa niliamini namba haiwezi kueleweka vibaya. Mtaona huko mbele imani hiyo ilinifikisha wapi. Kuchoma sindano nilijifunza kwa ndimu, kisha kwa embe bivu, kisha kwa mbuzi mmoja mpole ambaye Mungu amlipe. Mzee Hamisi alinifundisha kwa kunipokonya vyombo mkononi kila nilipokosea. Hakuwa na maneno mengi, na mengi ya machache hayo siwezi kuyaandika.

Vyombo sasa. Bomba la sindano la kioo usilichemshe likiwa zima. Chomoa mti wake wa kusukumia kwanza, maana nao ni kioo, na vioo viwili vikipata moto pamoja hubanana, na bomba likabaki pambo la dirishani. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, chini, bomba lisigongane na chuma. Maji ya kisima cha huku kwetu yana chumvi na huacha ukoga mweupe unaoukwamisha mti, kwa hiyo tumia ya mvua. Sindano ukishainoa ipitishe kwenye pamba. Ikitoka na nyuzi, ina kijino. Rudia. Pitisha waya mwembamba ndani yake kabla ya kuiweka, la sivyo kesho utaikuta imeziba kwa kutu na mgonjwa anakungoja. Nakiri kwamba mimi nilikuwa nikiyafanya haya yote, kisha nikishafunga mlango na kufika njiani, narudi kuyafanya tena. Hilo msiniige.

Kesi zilikuwa nyingi, lakini ninayotaka kuwaachia ni moja: ya paka wa Likoni.

Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Bi Mwanakombo, mama mtu mzima wa ukoo wa zamani huko Likoni, alikuwa na mbuzi waliokohoa, na daktari wetu wa mifugo akaenda kuwatazama. Mimi nilimfuata nikibeba sanduku. Tulipomaliza mbuzi, Bi Mwanakombo hakutuachilia. Alituonyesha paka mweusi tititi aliyekonda mgongo, amelala kando ya mtungi.

“Huyu Kaniki,” alisema. “Yuwanywa mai kama ngamia. Yuwala, hanenepi. Na akojoapo huja sisimizi. Sisimizi hawa nawajua, daktari. Walinandama na mimi.”

Bi Mwanakombo alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi alichomwa insulini. Daktari aliinama akautazama mstari wa sisimizi ukielekea pembeni mwa ua, kisha akachukua mkojo wa paka kwenda kuupima. Tuliporudi alisema bibi amegundua kabla yake. Akasema paka anaweza kujaribiwa kwa dawa ile ile, kidogo sana, asubuhi tu, akishakula.

“Dawa ipo nyumbani,” alisema, kisha akanigeukia. “Wewe utawafundisha kuiandaa.”

Maradhi yangu ya tumbo yalianza siku hiyo, nadhani.

Macho ya Bi Mwanakombo yalikuwa yameshapata ukungu, kwa hiyo aliyekuwa akimvutia dawa bombani na kumchoma ni Mwanaisha, binti wa kaka yake, rika langu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Nilimwonyesha jinsi tunavyofanya bandani. Alinisimamia mikono kiunoni.

“Kaka Kazungu, wachemsha bomba au wapika maharagwe?”

“Lazima maji yatokote sawasawa.”

“Yametokota mpaka yamechoka. Shangazi, njoo umwone huyu. Sindano yake ikioza, hatakuwa na lawama.”

“Mwache,” alisema Bi Mwanakombo kutoka barazani. “Mchafu ningemfukuza. Msafi tutamvumilia.”

Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya, na nanyi mkiletewa paka kama huyu mfanye hivi. Kichupa cha insulini hukaa ndani ya kopo, na kopo hukaa kwenye mtungi wenye maji kivulini, maana joto huiua. Kifute kizibo chake cha mpira kwa spiriti, ukingoje kikauke. Vuta hewa ndani ya bomba kiasi cha dawa unayoitaka, isukume ndani ya kichupa, kisha pindua kichupa kichwa chini ndipo uvute dawa. Ukiona povu, gonga bomba kwa ukucha lipande, ulirudishe ndani. Kwa ng'ombe povu dogo si kitu. Kwa paka anayepewa vistari viwili tu, povu ni nusu ya dawa. Mpe chakula kwanza. Asipokula, usimchome, hata mwenyewe akikulilia. Vuta ngozi ya nyuma ya shingo iwe kama hema, ingiza sindano chini ya hema hilo, sukuma, toa. Paka mwenye samaki mbele yake hatajua ulikuwepo.

Bomba letu lilikuwa na vistari vidogo ubavuni. Dawa ya nyumba ile ilikuwa ile iliyoandikwa ishirini, namba ya nguvu yake, na kwa dawa hiyo Kaniki alipata vistari viwili na bibi mwenyewe vistari vinane. Wakaafikiana nyumba nzima kwamba Kaniki achomwe kwanza. Bi Mwanakombo alilelewa hivyo: mnyama unayemfuga nyumbani kwako humtangulii kwa kula wala kwa dawa. Mimi nilidhani ni mazoea ya kizee tu, na sikuyatilia maanani.

Kaniki akanenepa. Sisimizi wakahama. Kila wiki nilivuka kwa feri na baiskeli yangu kwenda kuwanolea sindano, na kila wiki Mwanaisha aliniuliza kama nimekuja na kuni zangu. Nakiri pia kwamba kunoa sindano hakukuhitaji safari ya kila wiki. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba siku moja kipimo kitakosewa, paka atakufa, na atakuwa amekufa kwa mafundisho yangu.

Kisha meli zikawa adimu, na dawa ikawa inakuja ya aina yoyote iliyofika. Asubuhi moja nilipiga hodi kama kawaida.

“Karibu!” Mwanaisha alijibu kutoka uani, anacheka. “Waja wakati mzuri. Leo Kaniki amelewa.”

Nilimwona. Alikuwa akitembea upande upande, miguu ya nyuma haimfuati ya mbele. Aliugonga mguu wa kiti, akakaa, akautazama kiti kama kimemtukana. Mwanaisha alikuwa akijifuta machozi ya kicheko.

Mimi sikucheka. “Umemchoma?”

“Zamani. Amekula kidogo, nikamchoma.”

“Vistari vingapi?”

“Vinne.”

“Vinne?”

“Si dawa mpya? Nilikwenda mjini jana. Mwuza dawa alisema, ‘Mwambie bibi hii ni mara mbili.’ Basi viwili mara mbili ni vinne. Au hesabu nayo wataka kuichemsha?”

Nilikichukua kichupa. Kiliandikwa arobaini. Dawa ya arobaini ina nguvu maradufu ya ile ya ishirini, ndiyo maana mwuza dawa alisema ni mara mbili. Kwa hiyo ilimpasa Kaniki apunguziwe, apewe kistari kimoja. Yeye alikuwa amepewa vinne. Amepata dawa ya paka wanne, na chakula cha nusu paka.

Insulini huishusha sukari mwilini. Ikizidi, huishusha mpaka mwili unazimika kama taa iliyokwisha mafuta. Niligeuka kutafuta kitu cha kumpa, na hapo ndipo nilipomwona Bi Mwanakombo amekaa barazani, mkono wa gauni ameukunja hadi begani, anangoja zamu yake, maana hakuchomwa mpaka chakula chake kiwe tayari. Kando yake kwenye sahani palikuwa na bomba la pili, limejaa hadi kistari cha kumi na sita.

“Bibi,” nilisema nikimkimbilia. “Bibi, tafadhali, usichomwe.”

“Shikamoo hujanipa, waanza kuniamuru?”

“Shikamoo bibi. Dawa imezidi. Imezidi sana. Usiiguse hiyo.”

Alinitazama kwa macho yake yale ya ukungu, kisha taratibu akaushusha mkono wa gauni. “Marahaba,” alisema. “Na Kaniki?”

Kaniki alikuwa ameshalala ubavu. Mguu mmoja ulikuwa ukichezacheza peke yake.

“Nipeni sukari,” nilisema. “Sukari, asali, tende, chochote kitamu.”

Hakuna aliyesogea. Mwanaisha alikuwa ameacha kucheka, na uso wake ulikuwa mweupe kama majivu.

“Nyumba hii, mwanangu,” alisema Bi Mwanakombo, “sukari imo ndani yetu tu.”

Ilikuwa kweli. Mama mwenye maradhi ya sukari haweki sukari, na miaka ile hata asiye na maradhi aliipata kwa kadi ya mgao. Mwanaisha alikimbilia kwa jirani wa kulia, akarudi mikono mitupu. Duka lilikuwa mbali, na mwenye duka hafungui mapema kwa ajili ya paka. Nilimgusa Kaniki mdomoni, ulimi ulikuwa umelegea. Nilifikiri, ndiyo hii. Ile siku niliyoingoja ndiyo hii.

Ndipo nikasikia mluzi juu. Nyuma ya ua, kwenye mnazi wa jirani, Nyawa mgema alikuwa akigema. Mimi ni mtu wa bara ya huku huku pwani, na kwetu mtoto asiye na hamu ya kula hupewa tembo tamu, lile la alfajiri, limetoka tu kwenye karara la mnazi, ni maji matamu ambayo hayajachacha. Nilipanda juu ya kinu.

“Nyawa! Hilo lako ni tamu au limechacha?”

“Tamu tupu! Ndiyo kwanza nalitoa. Wataka la kunywa au la kwenda kuuza?”

“La paka!”

Mluzi ulikatika. “La nani?”

“La paka! Shuka, ndugu yangu, anakufa!”

“Mimi kugema kwangu kote,” ilikuja sauti kutoka juu, “sijaagizwa na mtu aliyelewa kabla ya kunywa.” Lakini nilimsikia akishuka, tena kwa haraka.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama. “Tembo? Ndani ya ua wangu?”

“Bado si tembo, bibi. Litakuwa tembo likikaa mpaka adhuhuri.”

“Na wewe huliweki mpaka adhuhuri.”

“Siliweki, bibi.”

Alimtazama paka wake. “Paka hakuandikiwa sala. Mpe. Lakini bakuli hilo lisirudi jikoni mwangu.” Nyawa alipoingia na kibuyu chake, jasho likimtoka, akamwambia, “Nawe leo sikusifu hata neno moja, wallahi, usije ukalitia mai.”

“Sijasifiwa tangu nizaliwe, bibi,” alisema Nyawa. “Ndiyo maana langu ni zito.”

Mnyama aliyezimia msimmiminie kitu kooni, atapaliwa. Nilifunga kitambaa safi kwenye kidole, nikakichovya, nikampaka ndani ya shavu na kwenye fizi. Nikachovya tena. Mwanaisha alipiga magoti upande wa pili akamshika kichwa. Nilipaka, nikachovya, nikapaka. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba Nyawa alichuchumaa akawa anamwambia paka, “Haya bwana, watu hulipia hiki.”

Ulimi ukasogea. Kwanza kidogo, kama unaonja hewa, kisha ukakilamba kidole. Kisha Kaniki alifumbua macho, akaniona ni mimi, akaniuma.

Sijawahi kuumwa vizuri namna ile. Bi Mwanakombo alisema alhamdulillahi, Nyawa akasema anamjua mteja wake. Tulimpa samaki, akala. Dawa ilikuwa bado imo mwilini, kwa hiyo nilibaki naye mpaka alasiri, nikimpaka kila alipoanza kulegea, mpaka akachoka nami akapanda juu ya kabati nisipomfikia.

Mwanaisha ndiye aliyeongea nami baadaye, kwa hasira, kama mtu anayetetea roho yake. “Mara mbili si mara mbili? Ungekuwa ni wewe umeambiwa vile, ungesikia nini?”

Nilijaribu kufikiri. Nilitaka sana kumwambia ningeelewa. “Ningesikia vile vile,” nilisema.

Na ni kweli, Charo, na wewe Saidi. Katika Kiswahili chetu, dawa mara mbili ni dawa yenye nguvu mbili, au ni dawa ya kupewa kwa wingi, au ni ya asubuhi na jioni. Mwuza dawa alisema kweli na Mwanaisha alisikia kweli, na baina ya kweli mbili paka akakaribia kufa. Kwa hiyo tangu siku ile neno hilo nimelipiga marufuku kwenye dawa. Ukimpa mtu dawa, chukua bomba mkononi, weka ukucha kwenye kistari, umwonyeshe: mwisho hapa. Kisha mpe yeye bomba, naye akuonyeshe wewe kwa ukucha wake. Mdomo uacheni kwa salamu.

Kaniki aliishi mpaka akazeeka, akafa usingizini juu ya kabati lile lile, baada ya vita. Siku ile yenyewe ilibaki na jambo moja. Bi Mwanakombo alikuwa hajapata dawa yake.

Lile bomba la vistari kumi na sita nililimwaga mwenyewe mchangani. Nilitazama unyevu ule ukizama, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri kwamba kama si desturi ya kumtanguliza mnyama, aliyelala ubavu pale uani asingekuwa paka. Nilichemsha bomba jingine.

“Nichome wewe leo,” alisema Bi Mwanakombo, akaukunja tena mkono wa gauni.

Nilikuwa sijawahi kuchoma mtu. Nilimwambia. Alisema naye hajawahi kuona paka akipakwa tembo, na siku imekuwa ya mambo hayo. Nikavuta vistari vinne, nusu ya vile vinane vyake vya zamani. Nikavihesabu. Mwanaisha aliweka ukucha wake kwenye kistari, nami wangu, vikagusana. Nikahesabu tena.

“Mbona kimya?” aliuliza bibi.

“Nahesabu.”

“Ni ngapi?”

“Nne, bibi.”

“Mpaka nne, mwanangu, na hujafika?”

Mwanaisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mimi nikachoma.

Niliondoka jua limeshapoa. Kwenye feri nilikaa chini nikaegemea baiskeli yangu. Sikuukagua mfuko wa vyombo, sikujiuliza kama nimefunga kichupa. Nadhani nilifumba macho kabla hatujaondoka. Nilipoyafumbua, mfanyakazi wa feri alikuwa akinitikisa bega, na mbele yangu niliona pwani ya Likoni, ile ile niliyoiacha. Nilikuwa nimevuka, nikarudishwa, wala sikujua.

“We bwana,” aliniuliza, “wavuka au wakaa?”

Nilimwambia aniache nikae kidogo.